Msuko wa Fundi wa Nondo

Kichwa kilishuka ngazi za soko peke yake.

Ilikuwa saa saba mchana, na ngazi zilijaa watu wanaopanda na wanaoshuka. Kichwa kiligonga ngazi ya kwanza, kikaruka ya pili na ya tatu, nywele zake ndefu zikipepea, na mama mmoja aliyebeba trei ya mayai akapiga ukelele uliosimamisha ghorofa zote mbili. Kwa rehema za Mungu mayai yalisalimika. Kichwa kiliendelea na safari yake mpaka kikagota kwenye kandambili nyekundu za mwanamke aliyekuwa akipanda na ndoo ya maji.

Mwanamke aliweka ndoo chini, akakiokota kwa nywele, akakitazama usoni. Kilikuwa cha plastiki, kile cha kujifunzia ususi, pua imebonyea kidogo.

"Hiki kichwa cha nani?" aliuliza kwa sauti.

"Changu, dada!" sauti ilijibu kutoka juu.

Hata yule mama wa mayai alicheka.

Mwenye kichwa alishuka mbio. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa ovaroli la bluu lililoganda saruji magotini, na kofia ngumu ya manjano kwapani. Mkononi alishika mfuko uliotoboka chini.

"Samahani sana. Mfuko umenisaliti."

"Mfuko umekusitiri vya kutosha. Mwanamume mzima unazunguka sokoni na kichwa cha mwanamke! Ukikamatwa utasemaje?"

"Nitasema natafuta mtu wa kunifundisha kusuka. Nimeuliza vibanda vinne huko juu. Vyote vinne vimenicheka."

Mwanamke alitazama mikono ya mwanamume. Vidole vilikuwa vinene, vina makovu madogo madogo kama vya mtu anayechuma miiba.

"Kaka, hiyo ni mikono au msasa?"

"Ni mikono. Inafunga nondo. Ule waya unaouona kwenye nguzo kabla hawajamwaga zege, ndiyo kazi yangu."

"Sasa umechoka kufunga nguzo, unataka kufunga wake za watu."

"Nataka kumsuka binti yangu. Ana miaka tisa."

"Mama yake je?"

"Wanaishi pamoja, yeye na mama yake. Mimi naishi peke yangu. Namwona Jumamosi, saa tatu mpaka saa tano asubuhi."

Tabasamu la mwanamke lilififia, kama taa iliyopunguzwa utambi. Alimrudishia kichwa chake, akainama kuchukua ndoo, lakini mwanamume alikuwa amekwisha kuiinua.

"Niipeleke wapi?" aliuliza, ndoo mkononi, kichwa na kofia vikigombania kwapa moja.

Mwanamke, ambaye kumbe mwenyewe alikuwa msusi, alimtazama, akashindwa kujizuia. "Kibanda cha tano. Na ukimwaga hata tone moja, hakuna somo."

Hakumwaga.

*

Jambo lenyewe lilianzia kwenye darasa la akina baba. Kila Alhamisi jioni, katika ukumbi ulio nyuma ya zahanati, wanaume kumi na wawili walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Kulikuwa na mlinzi, dereva wa lori, wauza mitumba, wachukuzi wa mizigo, na huyo fundi wa nondo. Wote walikuwa watu wa kipato cha leo kwa leo, na watoto wao wote walilala chini ya paa lingine.

Aliyewafundisha alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. "Nimepokea watoto elfu tatu kwa mikono hii," aliwaambia siku ya kwanza. "Hakuna hata mmoja aliyenisumbua kama baba zao. Kaeni."

Alikuwa na amri mbili. Jumamosi, watoto wakiletwa kuonana na baba zao kwenye ua wa ukumbi, simu zote ziliingia kapuni. Na ya pili: ya Jumamosi hayatoki getini. "Mtoto si gazeti," alisema. "Akikuambia jambo, amekuambia wewe. Hakuwaambia rafiki zako, wala mchumba wako, wala mama yako mzazi."

Kisha akawapa kazi. Kila baba achague jambo moja la mikono ambalo mtoto wake analihitaji, alifanye mwenyewe. Kununua hakuruhusiwi. Dereva wa lori alichagua kupika uji usio na madonge. Mlinzi alichagua kushona vifungo. Fundi wa nondo alichagua nywele, na alikuwa na sababu. Jumamosi moja binti yake alifika na kichwa kilichofumuliwa nusu, kwa kuwa mama yake, mfuaji wa mashuka hospitalini, aliitwa kazini ghafla. Mtoto alikaa saa mbili na kofia kichwani, hataki kucheza. Baba alishika kitana asijue aanzie wapi.

"Basi," binti alisema mwishowe. "Nitamsubiri mama."

Maneno hayo yalimfuata fundi mpaka kazini, yakapanda naye jukwaani, yakashuka naye. Wenzake walikuwa wamempa mtoto huyo jina la Hakimu, maana alisema machache, na akishasema kesi imefungwa.

Wiki kumi na mbili zikiisha, mkunga angewaketisha baba, mama na mtoto, amuulize mtoto swali moja tu: unataka kulala kwa baba yako Jumamosi? Mama alikubali kwamba neno la mtoto ndilo litakalofuatwa. Katika chumba chake kimoja fundi alikuwa amekwisha kutengeneza kitanda kidogo kwa vipande vya nondo vilivyobaki, akakipaka rangi ya njano. Hakuna aliyekilalia. Kila asubuhi alikitandika upya, akanyoosha mikunjo ambayo haikuwepo, akamwomba Mungu, akaenda kazini.

*

Masomo yalikuwa Jumanne na Ijumaa, saa ya chakula cha mchana. Kibanda kilikuwa na viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, na juu ya kioo kikaratasi cha sala ambayo msusi aliisoma kila asubuhi kabla ya kufungua. Jirani yake, mpakaji wa rangi za kucha, aliitwa Redio, kwa kuwa habari ikimfikia hailali.

Kile kichwa walikipa jina la Shangazi.

"Gawanya mara tatu," msusi alisema. "Hapana, sawasawa. Mbona unamvuta hivyo? Shangazi amekukosea nini?"

"Kwenye nondo, usipovuta, jengo linaanguka."

"Hapa ukivuta, mtoto analia. Legeza. Fikiria umeshika yai."

"Nikishika yai huwa nalipasua."

"Basi fikiria umeshika mkono wangu," alisema msusi, kisha akajisikia amesema mengi, akageukia chupa za mafuta.

Nje Redio alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

Mkono wa fundi ulilegea. Mistari yake iliegemea kushoto, kwa kuwa alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, lakini ilikuwa mistari. Jambo moja tu lilimshinda mwalimu. Kila msuko fundi aliumaliza kwa kuuzungusha mara mbili kushoto, kisha akaisukuma ncha ndani.

"Nini hicho?"

"Nimefunga. Ukiacha ncha ya waya nje inamchoma mwenzako."

"Huu si waya."

"Mkono haujui."

"Nimesuka miaka kumi na minne. Sijaona msusi anayemaliza hivyo."

"Basi ndiyo saini yangu," fundi alisema, akacheka, na kibanda kikaonekana kidogo zaidi kuliko kilivyokuwa.

Siku moja mvua iliwafungia ndani, ikipiga mabati mpaka Redio akashindwa kusikiliza. Ndipo msusi alipomwambia kuhusu baba yake, aliyehama akaenda kuishi ng'ambo ya pili ya mji.

"Kila Jumapili mama alinivalisha gauni jeupe, nikakaa dirishani. Niliomba arudi nyumbani. Miaka mitano niliomba. Nilifika mahali nikamwekea Mungu masharti, nikaacha sukari."

"Alikuja?"

"Mara mbili. Ya pili gauni lilikuwa limeshanibana."

Fundi aligawanya fungu jingine mara tatu. Aliendelea kusuka polepole, kisha akasema, "Ndiyo maana siku ile kwenye ngazi uso wako ulibadilika."

"Uliona?"

"Nasoma michoro ya majengo, nitashindwa kusoma uso?"

Tangu siku hiyo wakawa wanapigiana simu jua likizama.

"Mwalimu."

"Mwanafunzi wangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi anakusalimu. Amenuna, nimemsuka mara tatu leo."

"Usimchoshe, ana umri wake."

"Umevaa ile blauzi yako ya kijani leo?"

"Umejuaje?"

"Nimebahatisha. Nimeiwaza tangu asubuhi, jamaa wakanipokonya koleo, wanasema nitajifunga mwenyewe."

"Haya, kata simu."

"Kata wewe."

"Wewe ndiye uliyepiga."

"Basi tusikate, tunyamaze tu."

Wakanyamaza, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka salio likawaamulia.

"Siku hizi unaimba ukisuka," Redio alimwambia msusi. "Mteja akilipia nywele, kwaya anapewa bure?"

Ijumaa moja fundi alisimama mlangoni, kofia mkononi. Ndani ya kofia ile alikuwa amebandika picha ya binti yake, mtoto mwenye sweta ya njano na pengo la jino. "Wiki kumi na mbili zikiisha, nina neno nataka kukuambia."

"Liseme sasa. Neno halichachi."

"Acha kwanza nijue kama mimi ni baba. Nikishajua hilo, nitajua nasimama mbele yako nikiwa nani."

*

Jumatano ya wiki ya tisa aliingia mwanamke mwenye gauni la samawati na viatu vyeupe vya kazini, mpole, macho ya mtu anayeamka mapema. Alivua kilemba.

"Nifumulie hizi, mpenzi, unisuke za kawaida. Jumamosi kuna harusi ya mwenzetu. Kwa kweli nazionea huruma."

Msusi alishika msuko wa kwanza, nyuma ya shingo.

Mstari uliegemea kushoto. Mwishoni, mizunguko miwili kushoto, ncha imesukumwa ndani. Akashika wa pili. Akashika wa tatu. Yote kumi na miwili ilikuwa hivyo, milegevu kidogo, kazi ya mtu aliyesuka taratibu akiogopa kuumiza.

"Nani amekusuka, dada?" Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine.

Mwanamke alicheka, na macho yake yakalowa ghafla. "Nyumbani," alisema. "Nyumbani tu."

Simu ikaita mapajani mwake. Kwenye kioo cha simu ile ikatokea picha: mtoto mwenye sweta ya njano na pengo la jino.

Msusi hakuuliza tena. Alifumua misuko kumi na miwili, mmoja mmoja, kama mtu anayefungua barua zisizo zake. Alisuka vizuri, akamuaga vizuri. Kisha akafunga kibanda mapema, na nyumbani kwake akapiga magoti.

Hakumlaumu fundi. Laiti angemlaumu, ingekuwa rahisi. Aliyekuwa mbele yake ni yule mtoto wa dirishani, mwenye gauni jeupe, aliyeacha sukari. Baba wa mtu alikuwa amerudi nyumbani. "Mungu wangu," alisema, "ile sala yangu umeijibu leo, kwa mtoto mwingine. Na iwe heri. Sitakuwa mimi wa kumzibia mlango." Akalia mpaka mkeka ukalowa.

Ijumaa fundi alipanda ngazi, akamkuta Redio amesimama katikati ya njia.

"Ametoka," Redio alisema, akitazama pembeni kama mtu anayesoma taarifa asiyoiamini.

Jioni fundi alipiga simu.

"Mwalimu, nimepita huko, nimeambiwa umetoka."

"Nilikuwepo."

Fundi aliibana simu sikioni zaidi.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Umeshajua kusuka, fundi. Kazi yetu imekwisha. Mungu akubariki, na usipande tena ngazi hizi."

Fundi. Hajawahi kumwita hivyo. Neno ambalo dunia nzima ilimwita nalo kila siku, kutoka kwake liligonga kama nyundo. Alitazama chumba chake kimoja, ovaroli kwenye msumari, kitanda cha njano kisichokuwa na mtu, na akaona alichodhani msusi amekiona kwake: ufukara.

"Haya, mwalimu. Asante kwa elimu."

Simu ikakatika. Hakuna aliyeiweka chini.

Wiki mbili zikapita, ndefu kama mfungo. Fundi alienda kazini kwa njia ya mbali ili asilione soko. Msusi alisikia buti kwenye ngazi mara mia kwa siku, na mara mia zilikuwa za mtu mwingine. Jua likizama kila mmoja alishika simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni. Redio alizungumza kwa sauti ya chini, jambo lililowatia wateja wasiwasi.

Na Jumamosi, uani kwa mkunga, fundi alimsuka binti yake vizuri kuliko siku zote, wala hakusema neno.

*

Jumamosi ya wiki ya kumi na moja, alasiri, mwanamke wa gauni la samawati alirudi. Safari hii alikuja na mtoto.

Mtoto alisalimia, akakaa kwenye benchi, miguu haifiki chini. Alitazama kila kitu. Mama yake alipokaa kitini na msusi alipoanza, mtoto alichukua fungu la nywele za bandia lililofungwa kwenye mgongo wa kiti, akaligawanya mara tatu, akaanza kusuka.

Msusi alimwona kwenye kioo. Aliona mkono mdogo wa kushoto ukivuka. Aliona mizunguko miwili kushoto, na kidole kidogo kikisukuma ncha ndani.

Kitana kilimponyoka.

"Mwanangu," alisema bila kugeuka. "Nani amekufundisha kumaliza hivyo?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza. "Baba."

"Na mama, siku ile alipokuja hapa. Nani alikuwa amemsuka?"

"Mimi."

"Nilienda nazo kazini siku nne," mama alisema akicheka, "kichwa kama uzio wa ng'ombe. Ningefanyaje? Ndiyo mara yangu ya kwanza kusukwa na mwanangu. Uliponiuliza nilitaka kukuambia, nikaona nitalia mbele ya mgeni. Nikasema nyumbani." Kisha akanyamaza, akamtazama msusi kwenye kioo, na ufa wa kioo ukapita katikati yao. "Kumbe ni wewe. Wewe ndiye mwalimu wa baba yake."

"Nilikuwa."

"Dada yangu." Alisema taratibu. "Mimi na yeye tulimaliza zamani, kwa amani. Kilichobaki ni huyu tu."

Hakimu alikuwa ameacha kusuka. "Alhamisi wataniuliza kama nataka kulala kwa baba," alisema.

"Na utasemaje?" msusi aliuliza.

"Hapana."

Mama aligeuka kitini. "Mbona hukuniambia?"

"Siku hizi ananisuka bila kusema kitu. Zamani alikuwa anamsemesha Shangazi, ananichekesha. Nafikiri amenichoka." Alilisema bila kulia, kama mtu anayetaja bei. "Mtu akikuchoka usimwendee kwake."

Msusi alipiga magoti mbele ya benchi, pale pale kwenye nywele zilizoanguka sakafuni.

"Nilipokuwa kama wewe, nilifikiri hivyo hivyo kuhusu baba yangu."

"Alikuwa amekuchoka kweli?"

"Sijui. Mpaka leo sijui. Lakini wako namjua. Hajakuchoka hata punje. Mimi ndiye niliyemnyamazisha. Niliona ile misuko kichwani kwa mama, nikadhani ni kazi ya mkono wake, nikadhani amerudi kwenu. Sikumuuliza, nikamfukuza."

Hakimu alifikiri. "Umemwomba msamaha?"

"Bado."

"Sasa kwa nini uko hapa?"

Mama yake, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, alinyoosha kidole mlangoni. "Nenda, dada. Mimi nitasubiri."

"Husubiri!" Redio alisema, tayari yuko ndani, mikono imekunjwa. "Nitakumalizia mimi. Nimesikia yote, kwa hiyo hakuna haja ya kurudia."

*

Jengo lilikuwa na ghorofa tatu na anga. Msusi alifika akihema, aproni kiunoni, kitana kimechomekwa kichwani. Msimamizi alimzuia getini.

"Mama, bila kofia huingii."

"Namtaka fundi wa nondo."

"Nondo!" kibarua mmoja alipiga kelele kuelekea juu. "Umeletewa chakula!"

"Huyo hana chakula," mwingine akasema, "ana kitana. Nondo, leo unachanwa!"

Fundi alionekana juu ya nguzo, waya mdomoni, koleo mkononi. Alimtazama. Hakushuka.

Msusi alipaza sauti kuishinda mashine ya zege. Msimamizi akaizima mashine. Baadaye alidai alikuwa anapumzisha injini.

"Niliona misuko yako kichwani kwa mama wa binti yako!"

"Sijawahi kumsuka yeye!"

"Najua! Nimejua leo! Ni binti yako aliyemsuka!"

Waya ulianguka kutoka mdomoni mwa fundi. Alishuka taratibu, akasimama mbele yake.

"Amemsuka mama yake?"

"Mizunguko miwili kushoto. Ncha ndani."

Fundi aligeuka, akaweka paji la uso kwenye nondo za nguzo. Kila Jumamosi alidhani mtoto anaacha masomo yake getini, pamoja na jina la baba. Kumbe aliyabeba mpaka kwao. Mabega yake yalitikisika. Vibarua walipata ghafla kazi nyingi za kutazama pengine.

"Hukuniambia kama unamfundisha," msusi alisema.

"Ya Jumamosi hayatoki getini. Wewe nawe hukuniuliza."

"Niliogopa. Niliomba miaka mitano baba arudi nyumbani. Ningewezaje kuwa mimi niliyesimama mlangoni?"

"Nami nilidhani umeniona nilivyo. Chumba kimoja, ovaroli moja."

"Mawili!" sauti ilisema kutoka jukwaani. "Lingine linakauka hapa!"

Walicheka, wote wawili, machozi yakiwa bado njiani.

"Nisamehe," msusi alisema. "Lakini si mimi wa kuhangaikiwa sasa. Hakimu ananiambia umemchoka. Alhamisi atasema hapana."

Kicheko cha fundi kilikatika. Aliivua kofia yake, yenye ile picha ndani, akamvalisha msusi kichwani, juu ya kitana. "Nitazungumza naye. Alhamisi utakuja?"

"Nitakaa nje ya geti. Ya ndani si yangu."

*

Alhamisi msusi alivaa gauni jeupe. Hakuwa amevaa jeupe tangu utotoni. Alikaa kwenye jiwe ng'ambo ya barabara, mikono mapajani, akitazama geti kama alivyokuwa akitazama njia kutoka dirishani, na moyo wake ukakumbuka kila kitu. Alisali bila masharti yoyote. Magari yalipita. Dereva wa lori alitoka na mwanawe mabegani. Mlinzi alitoka peke yake, akasimama kidogo, akafunga vifungo vya shati vyote na kwenda zake.

Kisha fundi akatoka, macho mekundu.

Msusi alisimama. "Amesemaje?"

"Ya ndani hayatoki getini," fundi alisema.

"Mimi naweza kusema," ilisema sauti nyuma yake. "Ni yangu." Hakimu alipita mbele ya baba yake, ameshika Shangazi kwa nywele. "Baba amesema alikuwa na huzuni ya watu wazima, akasahau kuiacha nje. Nimemuuliza kitanda kina rangi gani. Nimesema Jumamosi moja kwanza. Halafu nitaona."

Mama yake alimshika mkono, akampungia msusi, wakatangulia kidogo.

Fundi na msusi walibaki wametazamana, gari moja likapita katikati, kisha hakuna.

"Wiki kumi na mbili zimekwisha," msusi alisema. "Ulikuwa na neno."

"Nimelifanyia mazoezi juu ya nguzo miezi mitatu. Limenipotea lote."

"Sema lililobaki."

"Nataka kukuoa. Nije kwa mama yako na wazee wangu, kwa heshima. Sina zaidi ya unavyoviona, na mtoto wangu atakuwa anakuja Jumamosi."

"Moja kwanza," msusi alisema. "Halafu ataona." Alijifuta macho kwa kiganja. "Njoo kwa mama. Lakini kabla hujaja, nisuke. Nataka aione mikono inayokuja kumwomba binti yake."

Jumatatu asubuhi alifungua kibanda, akasoma sala yake juu ya kioo, akavua kilemba. Mistari yote iliegemea kushoto. Redio aliingia na kikombe cha chai, akasimama kama aliyeona moto.

"Mtume! Msusi mzima, miaka kumi na minne! Nani amekuharibu kichwa hivyo?"

Msusi alipeleka mkono nyuma ya shingo, akaipapasa ncha iliyofichwa ndani, isiyochoma mtu.

"Nyumbani," alisema. "Nyumbani tu."